Si kila ndugu anaweza kutoa uloto: Haya ndiyo yanayoangaliwa kabla mtoto hajapandikizwa

“Chukueni wangu.”

Hayo ndiyo maneno ya kwanza ya wazazi wengi wanapoambiwa kwamba mtoto wao mwenye selimundu anaweza kupona iwapo atapatikana mtu wa kumchangia uloto. Mama anakunja mkono wa gauni kabla daktari hajamaliza kueleza. Baba anasema yuko tayari hata leo. Shangazi aliyewasindikiza naye anajitaja.

Kisha linakuja jibu ambalo hawakulitegemea. Wa kwanza kutafutwa si mama, si baba, wala si shangazi. Ni yule mdogo wake mgonjwa aliyebaki nyumbani akicheza, ambaye hakuna aliyemfikiria.

Kwenye uchangiaji wa uloto, upendo na utayari havitoshi. Mwili wa mchangiaji ndio wenye neno la mwisho: vinasaba vyake, umri wake, uzito wake, afya yake, na wakati mwingine hata jinsia yake. Mzazi anayeyafahamu haya mapema huokoa muda, na huiepusha familia na lawama zisizo na sababu.

Uloto na kazi yake

Uloto ni nyama laini iliyo ndani ya mifupa. Humo ndimo damu inamotengenezwa: chembe nyekundu zinazosafirisha hewa ya oksijeni, chembe nyeupe zinazopambana na maradhi, na chembe sahani zinazosaidia damu kuganda mtu anapoumia. Zote huzaliwa na seli maalumu zinazoitwa seli shina.

Kwa mtoto mwenye selimundu, seli hizo hutoa chembe nyekundu zinazojikunja mithili ya mundu. Chembe hizo huziba mishipa midogo, na matokeo yake ni maumivu makali, upungufu wa damu, maambukizi ya mara kwa mara na hata kiharusi.

Katika kupandikiza, mgonjwa hupewa kwanza dawa kali za kuondoa au kudhoofisha uloto wake. Baadaye seli shina za mchangiaji huingizwa kupitia mshipa, kama anavyoongezewa damu. Hakuna upasuaji kwa mgonjwa. Seli hizo zenyewe hutafuta njia hadi ndani ya mifupa, zikatulia na kuanza kutengeneza damu mpya.

Uwezekano wa kuitibu selimundu kwa njia hii ulionekana wazi mwaka 1984. Hospitali ya watoto ya St. Jude, mjini Memphis nchini Marekani, ilikuwa na msichana wa miaka 8 mwenye selimundu aliyepata pia saratani ya damu. Alipandikizwa uloto kwa sababu ya saratani, lakini selimundu nayo ikaondoka. Aliyemchangia alikuwa mdogo wake wa kiume, mwenye miaka 4 tu.

Nchini Tanzania, inakokadiriwa kwamba watoto 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka, huduma hii haipatikani tena nje ya nchi pekee. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza uloto mwaka 2021 kwa wagonjwa wa saratani waliotumia seli zao wenyewe. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikaanza kuwapandikiza watoto wenye selimundu uloto kutoka kwa ndugu zao.

Vipande vya khanga

Kinachoangaliwa kwanza ni alama zilizo juu ya seli za mwili, ambazo wataalamu huziita kwa kifupi HLA. Alama hizo ni kama kitambulisho. Kwa kuzisoma, kinga ya mwili hujua nani wa nyumbani na nani mgeni.

Alama zisipofanana, matatizo huweza kutoka pande mbili. Mwili wa mgonjwa unaweza kuukataa uloto mpya. Au uloto mpya unaweza kuuona mwili wote wa mgonjwa kuwa mgeni, ukashambulia ngozi, ini na utumbo. Hali hii ya pili ndiyo inayoogopwa zaidi, na inaweza kuua.

Ili kuelewa alama hizi zinavyorithiwa, chukulia kwamba kila mzazi ana vipande viwili vya khanga visivyofanana. Baba ana chekundu na cha bluu. Mama ana cha njano na cha kijani. Kila mtoto anapozaliwa hupewa kipande kimoja kutoka kwa baba na kimoja kutoka kwa mama.

Mtoto anaweza kupata nyekundu na njano, nyekundu na kijani, bluu na njano, au bluu na kijani. Michanganyiko ni minne. Kwa hiyo kila ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kabisa na mgonjwa.

Hesabu hiyo pia inaeleza kwa nini mama hawi wa kwanza kwenye orodha. Yeye amempa mtoto kipande kimoja tu, na kingine ni cha baba. Mzazi hulingana na mtoto wake kwa nusu.

Idadi ya watoto huongeza nafasi, ila haitoi uhakika. Mgonjwa mwenye ndugu mmoja ana nafasi ya asilimia 25 ya kupata anayelingana naye. Wakiwa wawili inafika asilimia 44, na wakiwa wanne asilimia 68. Familia yenye watoto sita inaweza kukosa, na yenye watoto wawili ikapata.

Neno ‘ndugu’ maabara

Katika familia zetu, mtoto wa baba mdogo ni ndugu. Mtoto wa mama mkubwa ni ndugu. Aliyelelewa nyumba moja na kula sahani moja ni ndugu. Maabara haina neno pana kiasi hicho.

Watoto waliochangia baba na kutofautiana mama hushiriki, kwa bahati nzuri, kipande kimoja cha khanga. Ni nadra sana kulingana kikamilifu. Binamu wana nafasi ndogo zaidi. Ndiyo maana daktari huuliza swali linaloweza kusikika kama la kukosa adabu: “Hawa wote ni wa baba mmoja na mama mmoja?”

Swali hilo halilengi kupekua mambo ya watu. Hata hivyo, wazazi wanapaswa kujua kwamba vipimo hivi vinaweza kufichua kuwa mtoto si wa baba aliyedhaniwa. Mzazi mwenye jambo la namna hiyo ana haki ya kuomba kuonana na daktari faragha kabla damu haijachukuliwa, na kuuliza majibu yatatolewaje na nani atayasikia. Ni afadhali mazungumzo hayo yafanyike mapema kuliko siri kulipuka wodini huku mtoto akisubiri matibabu.

Kundi la damu si kikwazo

Wazazi wengi hudhani kwamba mwenye kundi O ndiye anayefaa, au kwamba makundi yakitofautiana basi safari imeishia hapo. Sivyo. Kundi la damu hurithiwa kivyake na alama za HLA kivyake, hivyo ndugu wanaweza kulingana uloto huku wakitofautiana kundi la damu.

Tofauti hiyo huwafanya madaktari wachukue tahadhari, kama vile kuondoa chembe nyekundu kwenye uloto kabla ya kumpa mgonjwa. Baada ya uloto mpya kushika, kundi la damu la mgonjwa hubadilika na kuwa la mchangiaji. Aliyeingia wodini akiwa A anaweza, baada ya miezi kadhaa, kuwa O.

Mambo mengine yanayopimwa

Kulingana HLA ni hatua ya kwanza. Baada ya hapo mchangiaji huangaliwa kwa mambo haya.

Hali yake ya selimundu. Ndugu mwenye SS hawezi kuchangia kwa kuwa uloto wake una tatizo lilelile. Mwenye AA anafaa. Mwenye AS, yaani aliyebeba kinasaba kimoja bila kuugua, anafaa pia. Yule mvulana wa Memphis alikuwa AS. Kama wazazi wote wawili ni AS, uwezekano wa kila ndugu kuwa amelingana na wakati huohuo hana ugonjwa ni takribani asilimia 19, pungufu ya mmoja kati ya watano.

Uzito wake. Kiasi cha seli kinachohitajika hutegemea uzito wa mgonjwa, lakini kinachoweza kuchukuliwa hutegemea uzito wa mchangiaji. Kwa kawaida hakizidi mililita 20 kwa kila kilo ya mchangiaji. Mtoto wa kilo 12 hatatolewa zaidi ya mililita 240, pungufu ya robo lita. Kiasi hicho kinaweza kumtosha mgonjwa mdogo, lakini si kaka yake mwenye kilo 60. Wakati mwingine familia hushauriwa isubiri hadi mchangiaji akue kidogo.

Umri wake. Kwa watu wazima, seli za kijana hufanya kazi vizuri zaidi kuliko za mtu mwenye umri mkubwa. Ndiyo sababu sajili ya Anthony Nolan ya Uingereza huandikisha wachangiaji wapya wa miaka 16 hadi 30. Bibi au babu mwenye nia njema huwa mwisho wa foleni.

Jinsia na uzazi. Mwanamke anapobeba mimba, kinga yake hukutana na seli za mtoto na inaweza kujifunza kuzitambua kama za mgeni. Seli za kinga za mwanamke aliyewahi kuzaa zikiingia kwa mgonjwa wa kiume huongeza hatari ya zile seli mpya kuushambulia mwili wake. Hii haimzuii dada kumchangia kaka yake. Ila wakiwapo wawili wanaolingana sawasawa, jambo hili linaweza kumpa mmoja nafasi ya kwanza.

Maambukizi na afya kwa ujumla. Mchangiaji hupimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini, kaswende na maradhi mengine. Hupimwa pia virusi vinavyoitwa CMV, ambavyo watu wengi wanavyo bila kuumwa, lakini huweza kumsumbua sana mgonjwa ambaye kinga yake imeshushwa. Moyo, mapafu na wingi wa damu navyo huangaliwa, maana hospitali haipaswi kumponya mmoja kwa kumuumiza mwingine.

Mchangiaji hufanywa nini?

Hofu kubwa mitaani ni kwamba kutoa uloto ni kutobolewa uti wa mgongo, na kwamba mtu anaweza kupooza. Uloto si uti wa mgongo. Huchukuliwa kwa sindano kwenye mfupa wa nyonga, upande wa nyuma, juu kidogo ya makalio. Mchangiaji huwa amelazwa kwa dawa ya usingizi na hasikii chochote.

Akiamka, atasikia maumivu ya nyonga na uchovu kwa siku kadhaa. Wengi hurejea kwenye shughuli za kawaida ndani ya wiki moja au mbili, na mwili huurudisha uloto uliotolewa ndani ya wiki chache. Haupungukiwi nguvu za kudumu, wala uwezo wa kuzaa. Hatari zipo, zikiwamo zile za dawa ya usingizi na upungufu wa damu, lakini madhara makubwa ni nadra.

Ipo njia nyingine ambayo mchangiaji huchomwa sindano kwa siku 4 hadi 5 ili seli shina zitoke kwenye mifupa na kuingia kwenye damu, kisha mashine huzichuja kwa saa kadhaa. Kwa selimundu, madaktari wengi hupendelea uloto wenyewe kwa sababu una hatari ndogo ya seli mpya kumshambulia mgonjwa.

Mchangiaji akiwa mtoto

Hapa ndipo penye mtihani mgumu zaidi kwa mzazi. Mtoto mmoja anaumwa, mwingine ni mzima. Yule mzima anapelekwa kulazwa na kuchomwa kwa faida ya mwenzake, na anayesaini karatasi ni mzazi wa wote wawili.

Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa mwongozo kuhusu suala hili mwaka 2010. Kinasema mtoto achangie pale tu ambapo hakuna ndugu mtu mzima anayefaa kwa kiwango kilekile, pana uhusiano wa karibu kati ya watoto hao, mgonjwa ana matumaini ya kweli ya kufaidika, hatari kwa mchangiaji zimepunguzwa kadiri inavyowezekana, na wazazi wameridhia huku mtoto naye akikubali kwa kadiri ya umri wake.

Mwongozo huo unataka pia mtoto mchangiaji awe na mtu wake wa kumtetea, asiye katika timu inayomtibu mgonjwa. Hata pasipo na utaratibu huo, mzazi anaweza kuomba daktari tofauti ampime na kumsikiliza mtoto anayechangia.

Mtoto wa miaka 6 anaweza kuelezwa. Aambiwe ukweli kwa maneno yake: utalala, hutasikia, ukiamka utaumwa hapa nyuma, halafu itapona. Aulizwe anaogopa nini. Wapo wanaodhani kwamba watabaki bila damu, au kwamba watapata ugonjwa wa ndugu yao.

Jambo moja husahaulika mara nyingi. Kupandikiza kunaweza kushindikana, na mgonjwa anaweza kufariki. Mtoto aliyechangia huweza kubeba moyoni kwamba uloto wake ndio ulikuwa mbaya. Anapaswa kuambiwa kabla, na kurudiwa baada, kwamba kazi yake aliimaliza siku aliyotoa. Yaliyofuata hayakuwa mikononi mwake.

Akikosekana anayelingana

Kwingineko duniani, familia iliyokosa hugeukia sajili za wachangiaji wa hiari, ambazo kwa jumla zina watu zaidi ya milioni 40. Kwa Mwafrika, njia hiyo ni nyembamba. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa Mzungu mwenye asili ya Ulaya ana uwezekano wa asilimia 75 wa kupata anayelingana naye kwenye sajili ya nchi hiyo. Kwa watu weusi uwezekano ulikuwa chini ya asilimia 20.

Sababu ni mbili. Waafrika wana utofauti mkubwa wa vinasaba kuliko watu wa mabara mengine, na walioandikishwa ni wachache. Afrika Kusini imekuwa na sajili yake tangu mwaka 1991, lakini nchi nyingi za bara hili bado.

Ndipo mzazi anaporudi kwenye picha. Katika miongo miwili iliyopita, kwa mbinu iliyoendelezwa na madaktari wa Johns Hopkins mjini Baltimore, uloto unaolingana kwa nusu umeanza kutumika kwa mafanikio. Mgonjwa hupewa dawa siku chache baada ya kupandikizwa ili kuzituliza seli za mchangiaji zinazotaka kuushambulia mwili wake. Huduma hii haipatikani kila hospitali, na hatari zake ni kubwa kuliko za ndugu aliyelingana kikamilifu. Lakini kwa mama aliyekunja mkono wa gauni, mlango haujafungwa kabisa.

Mzazi afanye nini sasa?

Kwanza, ulizia mapema. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwafuatilia wagonjwa 1,000 wa selimundu, wengi wao wakiwa Ulaya na Marekani, waliopandikizwa uloto wa ndugu aliyelingana kabisa. Kwa walio chini ya miaka 16, asilimia 95 walikuwa hai miaka 5 baadaye. Kwa wenye miaka 16 na zaidi, walikuwa asilimia 81. Kusubiri kuna gharama yake.

Pili, wapime selimundu watoto wote wa nyumba hiyo, hata wasioumwa. Majibu yao yatahitajika.

Tatu, ndugu wa karibu wasimwekee mtoto damu yao moja kwa moja. Damu ya baba, mama au kaka ikiingia mwilini mwake, kinga yake inaweza kujenga uadui na alama za ukoo huo, na baadaye ikaukataa uloto wao. Kwenda kuchangia benki ya damu kwa ajili ya wagonjwa wengine hakuna tatizo, na kunahitajika.

Nne, muulize daktari kuhusu uzazi. Dawa za kuandaa mwili kabla ya kupandikizwa zinaweza kuathiri uwezo wa mgonjwa kupata watoto baadaye. Na anayepona hupona damu tu. Mayai au mbegu zake hubaki na kinasaba cha selimundu, hivyo kila mtoto wake atakirithi. Akifikia umri wa kuoa au kuolewa, mwenza wake bado atapaswa kupimwa.

Mwisho, majibu ya HLA yanaporudi, kaa na watoto wote pamoja. Aliyelingana asifanywe shujaa wa nyumba, wala asitishwe kwamba uhai wa mwenzake uko mikononi mwake. Na yule ambaye hakulingana aambiwe waziwazi kwamba hajamnyima ndugu yake kitu. Anaweza kumletea uji wodini, kumsomea kitabu, na kukaa naye miezi ile mirefu ya kujilinda na maambukizi akisubiri damu yake mpya ikomae.